Pindo la Rangi ya Kaa

Aarhus, 12 Januari 2025

Shangazi Hamisa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lako liwe limekuonea huruma msimu huu. Mie huku sijambo, Alhamdulillah. Baridi imekaza. Jua linachungulia kidogo mchana, kisha linaondoka kama mgeni aliyekosea nyumba. Baba aliniambia kwamba nyumba yake ya Tegeta imefika kwenye lenta juu ya madirisha, na kwamba siku hizi haji Mtoni mara kwa mara kwa sababu ya foleni. Msamehe. Ukimsikiliza vizuri utagundua kwamba anakuogopa zaidi ya foleni.

Dhumuni la barua hii ni zulia. Sikupiga simu kwa sababu michoro inakuja ndani ya kifurushi hichi, na kwa sababu najua msimamo wako, kwamba simu ni ya misiba na ya kuuliza mtu amefika wapi.

Unamkumbuka Karen, mwenzangu tunayebuni naye mazulia. Mji huu umejenga maktaba mpya ya watoto, na wanatafuta zulia la chumba cha kusomea. Mwezi wa Juni watatazama mazulia ya wabunifu kadhaa, wachague moja. Nilimwambia Karen kwamba nawajua watu wa kulifuma la kwetu: Bi Sesilia na wenzake, pale bandani Mtoni. Karen alifikiri sana kabla ya kukubali, lakini amekubali.

Zulia linaonyesha mikoko wakati maji yametoka, mizizi ikiwa imesimama juu ya tope. Sikutuma rangi yoyote, na michoro yote ni ya penseli. Sitaki kuwachagulia rangi ya mikoko kutoka huku kwenye theluji. Nendeni mkaitazame wenyewe, kisha mchovye nyuzi za pamba rangini kadiri mlivyoona. Nimeandika majina tu: chini pawe tope linaloanza kukauka, mizizi iwe magome yaliyolowa, majani yawe kijani kilichozeeka. Pindo lote, pande zote nne, liwe na rangi ya kaa la mikoko. Hilo pindo ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu jicho la mtu huanza pembeni.

Tafadhali simamia wewe, Shangazi. Nikikuachia wewe nina hakika kila kitu kitafanywa kama kilivyoandikwa.

Akupendaye,
Nusaiba


Mtoni, 9 Februari 2025

Nusaiba, mwanangu,

Marahaba. Barua yako na kifurushi vimefika salama. Goti linaniruhusu kwenda msikitini na sokoni, na sina safari nyingine. Baba yako yu mzima. Alikuja Jumapili, akazungumza habari za vigae mpaka chai ikapoa, kisha akaondoka bila kuuliza habari ya mtu yeyote.

Hakuna neno "dhumuni". Neno ni madhumuni, hata kama unalo moja tu. Tena si "hichi", ni "hiki". Neno "mie" waachie vijana wa vijiweni. Wewe ulifundishwa kusema "mimi" ndani ya nyumba hii. Nakuambia haya kwa sababu maneno ya mdomoni hupita, na ya kwenye karatasi hubaki.

Michoro yako nimewaonyesha wafumaji, na wameipenda. Ni lazima ujue hali ilivyo. Wafumaji walikuwa sita, sasa wamebaki wanne. Mwaka mzima uliopita walifuma mazulia madogo ya mlangoni, na mengi yamo bandani bado. Mzee Mbwana, mwenye banda, amekuja kwangu kwa heshima akasema kwamba mwisho wa Juni, kama hakuna kazi ya maana, atampa mtu anayetaka kuweka matairi. Sikumlaumu. Banda ni lake.

Bi Sesilia naye ameitwa na mwanawe Fredrick arudi Songea. Unajua kwamba tangu alipofika mjini anaishi katika chumba changu cha uani. Amemjibu mwanawe kwamba anangoja zulia hili. Likikubaliwa, atabaki. Likikataliwa, banda litafungwa, naye atapanda basi mwezi wa Julai. Mimi sina la kusema juu ya hilo. Mtu mzima anajua mahali pa kukaa.

Mikokoni tumekwenda, sote watano. Bi Sesilia alizama mpaka magotini, tukamvuta, na kiatu chake kimoja kimebaki huko. Alituambia kwamba masista waliomfundisha kufuma walimtahadharisha juu ya mambo mengi ya mjini, lakini si tope. Kijani tumekipata, na magome tumeyapata. Kuhusu kaa, tulisumbuka kidogo. Twalib wa pale kona aliapa mbele yangu kwamba hana na hajawahi kuwa nalo, kisha akafunga duka mchana kweupe. Mwishowe tulilipata wenyewe kando ya kijito, tukalileta bandani na kulilinganisha na nyuzi. Rangi imekubali mara ya kwanza.

Mtande, zile nyuzi za urefu, umekwisha kupigwa. Kesho wanaanza kufuma.

Shangazi yako,
Hamisa Mwishehe


Aarhus, 2 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo, na Ramadhani njema kwenu nyote. Mimi (umeona?) nimefunga tangu jana. Futari yangu ya kwanza ilikuwa uji wa shayiri, kwa sababu muhogo wa huku una bei ya dawa ya hospitali na ladha ya hiyohiyo dawa. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara moja kwa ajili ya habari na mara ya pili kwa ajili ya makosa yangu.

Sikujua kwamba mambo ya banda yamefika hapo. Wala sikujua habari za Bi Sesilia. Umeandika kwamba huna la kusema, basi na mimi sitasema, ila nitaomba dua.

Nimecheka sana kusikia kwamba mmelipata kaa. Mimi nilidhani mtalitazama tu kwa mbali, kumbe mmelibeba mpaka bandani! Halikumng'ata mtu? Ule wekundu wa magando yake ndio ninaoutaka, ule unaoonekana toka mbali wakati tope zima ni jeusi. Utotoni nilikuwa nikilifukuza linaingia shimoni, nawe umesimama juu ya ukingo unaniita nirudi nikafanye zoezi la ngeli. Pindo jekundu la namna hiyo, Shangazi, litamfanya kila mtu asimame mlangoni.

Karen anawasalimu. Anauliza mmefika wapi. Nimemwambia mnaendelea vizuri.

Nusaiba


Mtoni, 6 Aprili 2025

Nusaiba, mwanangu,

Marahaba, na Idi imepita kwa heri. Baba yako alikuja na mbuzi mzima, akataka sifa, tukampa. Tulipika pilau na tambi. Bi Sesilia alisaidia kukaanga vitunguu toka asubuhi, akawa analia na kusema kwamba wanawake wa pwani hawajui chakula kisicho na vitunguu. Majirani walikula, wakabeba. Mvua za masika zimeanza, na barabara ya huku nyuma imekuwa kama unavyoikumbuka. Jirani yetu Jovina, yule karani, amepata mjukuu wa kiume. Paa la banda lilivuja upande mmoja, limezibwa, zulia halikuguswa.

Zulia linaendelea. Mizizi imetoka vizuri kuliko ilivyo kwenye mchoro, na sisemi hivyo kukufurahisha. Bi Sesilia hakuifuma kwa mstari mmoja. Amepishanisha kahawia mbili, ukiitazama unaona kama imetoka majini sasa hivi. Pindo linakwenda pamoja na zulia, kama pindo linavyopaswa kwenda.

Umeuliza kama lilimng'ata mtu. Halikumng'ata mtu.

Safari hii sina la kusahihisha.

Shangazi yako,
Hamisa Mwishehe


Aarhus, 24 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mvua zimewapungukia na mjukuu wa Bi Jovina anakua.

Uliandika kwamba huna la kusahihisha. Nimekaa na maneno hayo tangu barua ilipofika. Tangu nilipojifunza kushika kalamu hujawahi kukosa la kusahihisha. Ulisahihisha kadi yangu ya kukuaga siku naondoka, pale uwanja wa ndege, mbele ya watu. Nikaisoma tena barua yangu ya Machi. Ina makosa ambayo hata mimi nayaona. Kwa hiyo kuna jambo.

Je, Bi Sesilia anaumwa? Mzee Mbwana amelichukua banda? Nilipiga simu, ukasema "tuko salama" ukakata. Niliuliza pindo limefikia wapi, ukanieleza habari za paa.

Na mimi kuna jambo nililolinyamazia, nalisema sasa ili tuwe sawa. Tangu Februari Karen amewapa wafumaji wengine, wa nchi nyingine, mchoro huohuo. Aliniambia ni tahadhari tu, ikiwa la kwenu litachelewa. La kwao limeshafika, limefumwa vizuri, na pindo lake ni jekundu kama nilivyotaka. Juni yatatazamwa yote mawili. Sikuwaambia kwa sababu niliogopa mtafuma mkiwa na hofu, na hofu huonekana kwenye kazi.

Niambie tu, Shangazi. Lolote liwalo.

Nusaiba


Mtoni, 11 Mei 2025

Nusaiba,

Marahaba. Sisi sote wazima. Bi Sesilia haumwi, na banda lipo bado. Pindo ni jeusi.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa. Wewe ulikuwa ukimfikiria kaa mwenye magando. Huyo ni kiumbe mwenye uhai: kaa wa mikoko, kaa huyu, tumempata. Ukiandika "kaa la mikoko" unasema kipande cha mkaa: kaa hili, tumelipata. Uliandika "la". Nilisoma "la". Nikaelewa kwamba unataka weusi wa mkaa wa mikoko, ule unaoelekea kijivu, na nikaona ni rangi ya akili kwa zulia la tope. Ndiyo maana nilikwenda kwa Twalib, anayeuza mkaa. Mikoko hairuhusiwi kukatwa, naye aliponiona mimi, mwalimu mstaafu, nikiuliza mkaa wa mikoko kwa sauti ya darasani, alidhani nimetumwa kumkamata. Kaa tulilolipata lilikuwa kipande cha kisiki kilichoungua zamani kando ya kijito.

Ningeweza kukuuliza. Sikukuuliza kwa sababu sentensi ilikuwa sahihi.

Barua yako ya Machi nilikwenda nayo bandani, nikawasomea, kama nifanyavyo siku zote. Nilipofika kwenye magando nikaishusha karatasi. Wakati huo zulia lilikuwa limepita nusu. Bi Sesilia akauliza kuna nini, nikawaeleza. Yeye akaanza kucheka mpaka akashika kitanda cha kufumia asianguke.

"Kwa hiyo Twalib tumemfungisha duka kwa ajili ya mdudu," akasema.

Mimi sikucheka. Niliuliza kama pindo linaweza kufumuliwa. Wakaniambia kwamba pindo la pembeni limefumwa pamoja na zulia, mstari kwa mstari. Kulifumua ni kulifumua zulia lote. Niliuliza kama weusi unaweza kuchovywa uwe mwekundu. Wakaniambia kwamba weusi haupokei rangi nyingine. Kuanza upya kusingewahi Juni. Nikasema basi nitakuandikia, usimamishe kazi, umtafutie Karen njia nyingine, wewe usiharibikiwe kazini kwako kwa ajili yetu.

Hapo ndipo Bi Sesilia alipoacha kucheka. Alisema, "Mwalimu, ukimwandikia, atatuambia tuache, na atakuwa na haki. Usimwandikie. Tufume. Likikataliwa, likataliwe likiwa zima."

Nilikubali. Ndiyo maana nilikunyima habari, na ndiyo maana sikusahihisha barua yako. Sikuweza kugusa ngeli ya kaa bila kukuambia yaliyobaki, na kusahihisha mengine nikaliacha hilo kungekuwa udanganyifu.

Habari za wale wafumaji wengine nimewasomea pia. Hawakukasirika. Bi Sesilia aliuliza tu kama na wale wanawake wana banda la kupanga.

Zulia limekamilika Alhamisi. Limefungwa na kupelekwa uwanja wa ndege pamoja na barua hii. Kama litakataliwa, usiandike kwa kuzunguka. Andika mwanzoni kabisa, nami nitajua namna ya kuwasomea.

Hali ya hewa imetulia. Baba yako anawasalimu wote huko, ingawa nimemwambia kwamba huko uko peke yako.

Hamisa Mwishehe


Aarhus, 15 Juni 2025

Shangazi,

Limekubaliwa.

Naandika mwanzoni kabisa kama ulivyoagiza. Sasa shikamoo, na nisamehe kwa kuitanguliza habari. Mimi mzima kabisa, nimekula leo kwa mara ya kwanza nikisikia ladha.

Zulia lenu lilipofika tulilikunjua sakafuni, mimi na Karen, kando ya lile jingine. Nilikuwa nimeshamwonyesha barua yako na kumtafsiria. Ile habari ya "wa" na "la" ilinichukua saa nzima kuieleza, kwa sababu lugha yao haina kitu kama hicho, na nilipomaliza alisema kwamba angependa kukuona siku moja, lakini si kwa muda mrefu. Kisha tukatazama. Sitakudanganya, Shangazi: niliona pindo jekundu la lile jingine, likanivutia, nikajua tumeshindwa. Mizizi ya Bi Sesilia ilikuwa hai kuliko yote niliyowahi kuchora, lakini jicho langu lilikuwa likirudi kwenye wekundu.

Watu wa maktaba walikuja Jumatano, watatu. Mkuu wao ni mama wa makamo, mkimya. Alizunguka mazulia yote ya wabunifu wote, akapunguza mpaka yakabaki haya mawili yetu. Karen akaanza kumweleza habari za mikoko na mwanga. Yule mama akamkatiza kwa upole, akauliza rangi nyekundu inafuliwaje.

Akatueleza kwamba hapa vuli ni tope tupu, na watoto huvua viatu pembeni mwa zulia, wengine hawavui kabisa. Pindo jekundu, alisema, litakuwa na alama za viatu kabla wiki haijaisha, nao watalikunja na kuliweka stoo kama walivyofanya la zamani. Pindo jeusi litavumilia. Ndipo akapiga magoti, akapitisha kiganja juu ya mizizi, polepole, kutoka pembe moja hadi nyingine. Aliuliza kama mfumaji huyuhuyu anaweza kufuma mengine. Wana vyumba vinne vya kusomea katika matawi yao, na vyote havina kitu sakafuni.

Basi ni manne mengine, Shangazi, yote kwa pindo jeusi. Karen amewaandikia wale wafumaji wengine, na zulia lao anataka kulipeleka kwenye hoteli moja ambako watu hawaingii na matope. Hakuna aliyeachwa mikono mitupu. Mwambie Bi Sesilia hilo, kwa kuwa aliuliza.

Mkataba nitautuma kwa njia ya ofisi, na nakala kwa Mzee Mbwana. Kazi inafika mpaka Agosti ya mwakani.

Kosa la "la" ni langu, na nalibeba. Ila naomba usiniambie kwamba limetusaidia. Nimejiambia hivyo mwenyewe tangu Jumatano, na halinikai sawasawa. Tulinusurika tu.

Nusaiba


Mtoni, 6 Julai 2025

Nusaiba, mwanangu,

Marahaba. Tumeipokea barua yako tukiwa katika afya, isipokuwa baba yako, aliyejigonga kidole kwa nyundo yake mwenyewe huko Tegeta na sasa anaongoza mafundi akiwa amekaa kitini, jambo ambalo mafundi wamelishukuru.

Umesema kweli. Tulinusurika. Sitakuambia neno jingine juu ya hilo.

Barua niliifungua bandani, mbele yao, bila kuisoma kwanza peke yangu. Sikuwahi kufanya hivyo, lakini niliona kwamba kama ni mbaya si haki niijue kabla yao. Nilisoma neno la kwanza. Mmoja aliketi juu ya gunia la nyuzi. Bi Sesilia akasema nirudie, nikarudia. Akasema nirudie tena, nikamwambia neno ni lilelile na halitabadilika. Habari za wale wengine na hoteli yao nilimsomea pia. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Vizuri. Nao wana watoto."

Mzee Mbwana aliipata nakala yake Ijumaa. Alikuja na yule mtu wa matairi ili amwonyeshe kwamba banda kweli lina watu. Yule kijana alitazama kitanda cha kufumia, akauliza kama tunauza zulia la mlangoni. Ameondoka na mawili.

Jioni Bi Sesilia alimpigia simu mwanawe. Alisimama uani, akazungumza Kingoni kwa muda mrefu na kwa sauti, mimi nikichagua mchele barazani. Sijui Kingoni. Nilisikia jina la Fredrick mara nyingi, na "mwalimu" mara nyingi zaidi. Alipomaliza alikuja kuketi karibu yangu, akavuta sinia upande wake na kuanza kuchagua naye.

"Nimemwambia Julai sina nafasi," akasema. "Na Agosti sina. Mwakani sina vilevile. Kama ananitaka, aje yeye, ajionee."

Nikamwuliza kwa nini alizungumza muda wote ule ikiwa maneno yalikuwa hayo tu.

"Hayo mengine yanakuhusu wewe," akasema, "na kwa Kiswahili hayasemeki."

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna kisichosemeka kwa Kiswahili. Badala yake niliinuka nikaenda jikoni kubandika maji ya chai, na nilikaa kule mpaka yakachemka, kwa sababu sikutaka anione uso.

Shangazi yako,
Hamisa Mwishehe